Kijana wa Bukoba na Chuo cha Sanaa: Tuulize Karakana Kabla ya Jina

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi za Nyanga, Kashai, Kanyigo, Kamachumu na Muleba hufanya baraza la ukoo. Mtoto aliyefaulu masomo ya sayansi hana taabu, njia yake yajulikana. Aliyefaulu hesabu na uchumi naye ana washauri tele. Lakini yupo mtoto wa tatu, yule ambaye tangu shule ya msingi huchora kila karatasi apatayo, huongoza kwaya, na penye ngoma hawezi kupita bila kusimama. Huyu akisema kwamba anataka kusomea sanaa mpaka apate digrii, baraza lote hunyamaza. Kisha mzee mmoja hukohoa na kuuliza, "Mwanangu, utakula ngoma?"

Swali la mzee huyo lastahili jibu la heshima. Yeye ndiye aliyeuza kahawa na ndizi ili mtoto asome. Anayo haki ya kujua ada yake itazaa nini. Hata hivyo, jibu ambalo wengi wetu hulitoa, yaani kumnyamazisha mtoto na kumpeleka akasomee jambo asilolipenda, ni jibu la hasara. Na hasara ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni ya mtoto aliyeruhusiwa kwenda kusomea sanaa lakini hakuna aliyemsaidia kuchagua chuo. Huyo huchagua kwa kusikia jina tu. Baada ya miaka mitatu hurudi na karatasi mkononi, mikono yake ikiwa haijui zaidi ya ilivyojua siku aliyoondoka.

Makala haya yanahusu jambo hilo moja: namna ya kuchagua chuo cha sanaa.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Watu wa Bukoba hawakuanza jana kupigania elimu. Mwaka 1924 wazee wetu waliunda Bahaya Union, na miongoni mwa mambo waliyoyataka ni shule. Kahawa ikajenga madarasa na kulipia ada, na wilaya hii ikatoa mapadri, waganga, walimu na mawakili wengi. Tunaona fahari juu ya jambo hilo, na ni haki yetu. Lakini serikali ya kikoloni ilitufundisha shule kwa shabaha yake. Ilitaka makarani wa kuandika barua zake na wakalimani wa kupeleka amri zake. Haikuwa na haja na Mwafrika mpiga enanga wala mchongaji. Hivyo kasumba ikatuingia kwamba mtu aliyesoma ni mtu wa meza na kalamu, na ngoma ni mchezo wa wasiosoma. Mkoloni aliondoka mwaka 1961. Kasumba hiyo ingali imeketi sebuleni kwetu.

Baba wa Taifa aliiona mapema. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake haina roho ya taifa, na akalalamika kwamba vijana walijua kucheza ngoma za Ulaya na Marekani lakini hawakujua ngoma za babu zao. Maneno hayo yalifuatwa na vitendo. Mwaka 1967 masomo ya sanaa za maonyesho yalianza katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kwa hiyo mtoto anayetaka kusomea sanaa haombi jambo la upuuzi. Anaomba nafasi katika kazi ambayo taifa lenyewe liliiandika katika orodha ya kazi zake tangu mwaka wa kwanza wa Jamhuri.

Basi tuzitazame njia zilizo wazi mbele ya kijana wa Kagera.

Njia ya kwanza ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo sanaa za maonyesho, muziki na sanaa za ufundi, yaani uchoraji na uchongaji, zimefundishwa kwa miaka mingi. Ndipo walipokulia waandishi wa tamthilia kama Ebrahim Hussein, aliyetoa Kinjeketile mwaka 1969, na Penina Muhando, ambaye baadaye alikuwa profesa na kufundisha hapo hapo. Mchoraji Elias Jengo naye alifundisha hapo. Chuo hiki humpa mwanafunzi historia ya sanaa, nadharia, na uwezo wa kuandika na kuhakiki. Anayetaka kuwa mwalimu wa sanaa, mwandishi wa michezo, mtafiti au afisa utamaduni, hapo ni mahali pake. Na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho kina masomo ya sanaa za maonyesho, filamu na uchoraji. Kwa upande wa muziki peke yake, yafaa kukitazama pia Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilicho karibu na Arusha.

Njia ya pili ni Bagamoyo. Chuo kile tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wengi hukiita TaSUBa. Hapa ndugu zangu wengi hukosea. Husikia kwamba Bagamoyo hutoa cheti na stashahada, nao hukipita kwa dharau kwa kuwa wanatafuta neno digrii. Lakini ulizeni watu wa kazi hiyo wenyewe. Bagamoyo mwanafunzi hucheza, hupiga ngoma, huigiza, huchora, na kila mwaka kuna tamasha ambapo kazi huonyeshwa mbele ya umma. Mtu hawezi kujifunza kupanda jukwaani kwa kusoma kitabu juu ya jukwaa, kama vile hawezi kujifunza kuogelea ziwani kwa kusoma habari za sato. Tena, stashahada haifungi mlango wa chuo kikuu. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu unamruhusu mwenye stashahada aliyefaulu vizuri kuomba nafasi ya digrii. Kijana aliyepita Bagamoyo kisha akaenda Dar es Salaam anafika akiwa na mikono iliyokwisha kufundwa, na sasa anaongeza kichwa. Kwa watoto wengi wa wakulima naona hii kuwa njia iliyo bora, maana hata kama fedha itakatika katikati, kijana anabaki na ufundi wa kumlisha.

Njia ya tatu sisi watu wa Bukoba twaisahau ingawa iko mlangoni petu. Ni Makerere. Kutoka Bukoba mpaka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 1,300. Kutoka Bukoba kwa njia ya Mutukula mpaka Kampala ni kama kilometa 300. Pale Makerere, mwaka 1937, Mwingereza mmoja mwanamke, Margaret Trowell, alianza kufundisha uchoraji, na shule iliyotokana na kazi yake hata leo inaitwa kwa jina lake. Watanganyika wa kwanza waliosomea uchoraji kwa kiwango cha juu walipita pale. Sam Ntiro wa Machame alisoma Makerere, akaenda London, akarudi kufundisha Makerere, na baada ya Uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Elimo Njau wa Marangu alisoma hapo hapo. Ni yeye aliyechora picha kubwa za maisha ya Yesu katika kanisa la Fort Hall, siku hizi Murang'a, nchini Kenya, na mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi. Makerere ina pia masomo ya muziki, ngoma na maigizo tangu mwaka 1971.

Kwa Mhaya njia hii ina faida moja ambayo haiandikwi katika vitabu vya udahili. Lugha ya Kihaya na Kiganda ni ndugu. Enanga yetu inajulikana kule, mavazi ya magome ya miti tumevaa wote, na migomba ni ile ile. Mwanafunzi hatakuwa mgeni mbele ya sanaa anayofundishwa. Lakini asiende kwa pupa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza nchi zetu kuwa eneo moja la elimu ya juu, ila kutangaza ni neno moja na kulipa ada ni neno jingine. Kijana aulize chuo chenyewe, kwa maandishi, atalipa ada ya mwenyeji au ya mgeni. Aulize Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada ile inatambuliwa hapa nyumbani. Na ajue kwamba mikopo ya Bodi ya Mikopo kwa kawaida huwafuata wanafunzi walio katika vyuo vya nchini.

Sasa tuseme wazi: chuo kinachaguliwaje? Mimi naona yako maswali manne, na mzazi asitoe hata senti kabla ya kuyapatia majibu.

Swali la kwanza ni juu ya karakana. Je, chuo kina mahali pa kufanyia kazi? Kama ni uchongaji, zipo patasi, magogo na paa la kuzuia mvua? Kama ni muziki, kuna vinanda vingapi kwa wanafunzi wangapi? Kama ni maigizo, jukwaa liko wapi, na hutumika mara ngapi kwa mwaka? Chuo kisichoweza kukuonyesha karakana yake kinakuuzia maneno. Ikiwezekana kijana aende akaone kwa macho, na kama hawezi, atafute kijana mwingine wa kwetu aliyeko huko amweleze ukweli.

Swali la pili ni juu ya walimu. Je, anayefundisha anafanya mwenyewe kazi anayoifundisha? Mwalimu wa uchoraji ameonyesha picha zake wapi? Mwalimu wa maigizo amewahi kutoa mchezo? Wahenga walisema kuambiwa na kuona ni mbalimbali. Mwanafunzi wa sanaa hujifunza nusu ya kazi kwa kutazama mikono ya mwalimu wake.

Swali la tatu ni juu ya waliotangulia. Waliomaliza miaka mitano iliyopita wako wapi? Chuo kizuri huwajua watoto wake. Kitakuambia kwamba huyu yuko redioni, yule anafundisha sekondari, mwingine ana karakana yake Mwanza, mwingine anatengeneza filamu. Kama chuo kinahesabu wanaoingia tu na hakijui habari za waliotoka, hilo ni jibu tosha.

Swali la nne ni juu ya kijana mwenyewe. Je, anataka kuwa nani? Sanaa ni shamba lenye mazao mengi. Kuna mpigaji na kuna mwalimu wa wapigaji. Kuna mchoraji wa picha na kuna mchoraji wa matangazo, vitabu na nguo. Kuna mwigizaji na kuna fundi wa taa na sauti, ambaye mara nyingi hapungukiwi kazi hata mwigizaji anapokosa. Asiyejua anakokwenda atafurahishwa na basi lolote linalosimama.

Baada ya maswali hayo tuzungumze fedha, maana mnyonge hawezi kuzungumza elimu bila fedha. Masharti ya kuingia digrii kwa aliyetoka kidato cha sita ni kufaulu angalau masomo mawili kwa kiwango cha "principal" yanayohusiana na digrii anayoiomba, na jumla ya alama zake isipungue nne. Kijitabu cha mwongozo cha Tume hutoka kila mwaka na hueleza masomo ambayo kila chuo kinayataka. Kisomwe na mzazi pamoja na mtoto, kwa utulivu. Wengi hukosa nafasi kwa sababu waliomba chuo ambacho masomo yao hayakukihusu.

Kuhusu mkopo, tusidanganyane. Mkopo ni deni. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na imewasaidia watoto wengi wa wakulima waliokuwa hawana njia. Lakini anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe, na anayejitegemea naye anadaiwa vile vile. Msanii wengi wao hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mapato yake huja kama senene: msimu ukifika yanafunika taa zote, na msimu ukipita hata mmoja humwoni. Kwa sababu hiyo, kuchukua deni kwa ajili ya chuo kisicho na karakana ni kujitia kitanzi kwa kamba ya kununua. Afadhali stashahada yenye ufundi na deni dogo kuliko digrii ya maneno matupu yenye deni la miaka kumi.

Wapo watakaosema: mbona mambo haya yote? Saida Karoli wa kwetu alihitaji chuo gani? Mwaka 2001 aliimba kwa Kihaya, na nchi nzima, hata watu wasiojua neno moja la Kihaya, waliimba naye. Ni kweli, na tunamwonea fahari. Lakini mfano huo wafaa usomwe mpaka mwisho. Sauti na ngoma alizipata nyumbani, nazo ni chuo cha kwanza ambacho hakuna kingine kinachoweza kuchukua mahali pake. Ila kazi ya msanii haishii kwenye sauti. Kuna mikataba ya kusoma kabla ya kutia saini, kuna haki za kazi iliyorekodiwa, kuna hesabu ya mauzo. Wasanii wangapi wa Afrika Mashariki wameimbisha umma na kufa maskini kwa kuwa walitia saini wasichokisoma? Kama wakulima wetu walivyojifunza kwamba anayepima kahawa kwa mizani ya mwingine huibiwa, hivyo hivyo msanii asiyejua sheria ya kazi yake hunyonywa. Chuo chema kinampa mwenye kipaji mizani yake mwenyewe.

Wengine watasema chuo humharibu mtoto, kwamba huenda akarudi akidharau enanga na kusifu vya wageni. Hofu hii si ya bure. Dawa yake ni kumtuma mtoto akiwa na kitu mfukoni. Mtazameni Ntiro. Alifundishwa London katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1956 alichora nini? Alichora wanaume wanaobeba pombe ya ndizi usiku kumpelekea bibi arusi. Picha ile ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa za kisasa la New York. Mtu wa migombani aliwapelekea watu wa New York migomba yake, nao wakailipia. Hapa kwetu rubisi inapikwa kila kijiji. Nani ameichora?

Mtazameni pia Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera. Aliuchukua utenzi wa enanga wa Wahaya, ule ambao wengi wetu tuliusikia kwenye karamu na kudhani ni burudani tu, akaupeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1986 ukawa tasnifu yake ya udaktari. Leo msomi wa nchi yoyote akitaka kuzungumza habari za tenzi za Afrika hana budi kuwataja wapiga enanga wa Bukoba. Huo ndio usomi tunaoutaka. Lakini wazee wapigaji wanapungua mwaka hata mwaka, na kila mmoja anapozikwa, maktaba nzima inafukiwa pamoja naye. Basi kijana anayekwenda kusomea sanaa, kabla hajapanda basi, akakae na mzee mmoja wa enanga kwa muda wa mwezi mzima. Hakuna chuo kitakachomfundisha hayo atakapofika.

Mwisho nawageukia wenye madaraka, kwa maana mzigo huu tusimtwike mzazi peke yake. Shule zetu nyingi za sekondari hazina mwalimu wa muziki wala wa uchoraji, halafu twashangaa watoto kukosa masomo yanayotakiwa na vyuo. Mtaala mpya wenye mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024, unaitaja sanaa. Halmashauri za Bukoba na Muleba zione kwamba haibaki karatasini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mpango wa tawi katika mkoa wetu wa Kagera, nasi twaupokea kwa mikono miwili. Wabunge na madiwani wetu waulize mapema, kabla vyumba vyote havijagawiwa: je, sanaa itapewa hata chumba kimoja, penye jukwaa, patasi na enanga? Na ninyi ndugu wa vyama vya ushirika, wazee wenu walitumia senti za kahawa kusomesha waganga na mawakili. Hata kijana mmoja wa sanaa kwa mwaka, mkimlipia karakana yake, angetosha kuonyesha njia.

Na wewe kijana, andika maswali yale manne kwenye karatasi leo. Yapeleke kwa kila chuo unachokitamani, na usikione haya chuo kidogo chenye majibu. Mzee akikuuliza kama utakula ngoma, mpe jibu la mtu aliyekwisha kupima: "Ndiyo, tata. Nimekwenda kuona jiko lenyewe."